Jinsi ya kuzisoma kazi zako mwenyewe na kuiona dhamira inayojirudia

Kwa miaka tisa niliamini kwamba naandika hadithi za mapenzi. Ndivyo nilivyojibu kila nilipoulizwa, na sikuwa nasema uongo: katika kila hadithi kulikuwa na wawili wanaopendana, au waliowahi kupendana. Siku nilipoamua kuzikusanya ziwe kitabu, nilizitandaza kitandani zote 14 nikazisoma mfululizo kwa mara ya kwanza. Kufika ya sita nikasimama. Bwana harusi wa hadithi ya kwanza hajamaliza mahari. Msichana wa hadithi ya tatu amekopeshwa nauli na mtu ambaye hatamwona tena. Katika ya tano kuna mzee anayedaiwa samahani na ndugu yake, na katika ya sita dada mkubwa amewasomesha wadogo zake wote na hakuna aliyewahi kumwambia ahsante. Nilipomaliza kuhesabu, hadithi 11 zilikuwa na deni ndani yake. Mapenzi yalikuwemo kama viti vinavyokuwemo sebuleni. Mazungumzo yenyewe yalikuwa ya kitu kingine.

Mimi ilinitokea tu. Mwongozo huu ni wa kuifanya kazi hiyo kwa makusudi. Unamfaa mtu mwenye kazi tano au sita na kuendelea, ziwe hadithi fupi, mashairi, tamthilia au sura za riwaya isiyokwisha. Tenga siku nne au tano ndani ya wiki mbili, nunua kaunta buku moja mpya na kalamu za rangi mbili.

Kabla hatujaanza, tukubaliane juu ya neno. Aliyesoma fasihi Tanzania huita dhamira lile jambo kuu linalozungumzwa na kazi, nayo huhesabiwa kuwa sehemu ya maudhui pamoja na ujumbe, migogoro, msimamo na falsafa. Aliyesoma Kenya amezoea kuliita jambo hilohilo maudhui, na dhamira kwake ni lile kusudi la mwandishi, alichotaka kukifanya kwa kuandika. Hapa nitatumia dhamira kwa maana ya kwanza. Lakini tofauti hiyo ina faida kwetu, kwa sababu kazi yote iliyo mbele yetu inakaa katikati ya maana hizo mbili: ulichokusudia kukisema kiko upande huu, kinachosemwa na maandishi yako kiko upande ule, na mara nyingi havifanani.

Hatua ya 1: Kusanya zote, hata zile unazozionea haya

Anza na zilizochapishwa kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Kisha shuka chini zaidi: hadithi za mashindano ambazo hazikushinda, mashairi uliyoyapeleka gazetini yasitoke, igizo la shuleni, sura mbili za riwaya uliyoitelekeza, vipande vilivyomo kwenye simu. Mimi nilikuta hadithi nne ndani ya tranka la shule, chini ya shuka, zimeandikwa kwa penseli.

Usizidharau hizi za chini. Kazi iliyochapishwa imepita mikononi mwa mhariri, na wewe mwenyewe umeipiga pasi mara nyingi mpaka ikanyooka. Rasimu iliyoachwa njiani bado ina makunyanzi yake, na kwenye makunyanzi ndiko tunakotafuta. Angalia pia imekatikia wapi. Niligundua kwamba rasimu zangu tatu ambazo hazikukamilika zilikatika mahali pamoja: pale mtu alipotakiwa kumkabili mwenzake na kumwambia neno zito. Wakati ule nilijiambia nimekosa muda.

Andika mwaka juu ya kila kazi. Kama mwaka umeusahau, andika ulikuwa unaishi wapi na ulikuwa unalala chumba gani. Kumbukumbu ya chumba huleta mwaka. Zipange kwa mfuatano, na kama uwezo upo, zitoe kwenye karatasi huko steshenari ya mtaani. Kwenye simu ni vigumu kuziweka hadithi mbili ubavu kwa ubavu.

Hatua ya 2: Soma bila kurekebisha

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Utakutana na sentensi mbovu, mkono utakuwasha, na baada ya nusu saa utajikuta unaandika upya ukurasa wa pili wa hadithi ya mwaka 2015 huku zilizobaki zinakungoja. Weka sheria: wakati wa kusoma, kalamu ya kurekebishia ibaki chumba kingine. Mashairi yasome kwa sauti. Soma zote ndani ya siku tatu, usizidishe, ili ya kwanza iwe bado kichwani unapoifikia ya mwisho.

Ukimaliza kila moja, andika sentensi moja kwenye kaunta buku kwa umbo hili: kuna mtu anayetaka kitu fulani, lakini kuna kizuizi fulani, na mwishoni linatokea hili. Kwa shairi: kuna sauti inayosema na fulani, inaomba au inalalamikia kitu fulani, na katika ubeti wa mwisho imefika mahali fulani.

Katika sentensi hiyo yapo maneno ya kujikataza: mapenzi, umaskini, uonevu, ukombozi, rushwa, utamaduni. Darasani tulizoea kuorodhesha dhamira za namna hiyo kabla hata kitabu hatujakisoma vizuri, "nafasi ya mwanamke katika jamii", "matabaka", na orodha ileile ikakitosha kila kitabu. Ukiniambia unaandika juu ya umaskini, bado sijakufahamu, maana nusu ya waandishi wa Kiswahili wangejibu hivyohivyo. Sentensi yangu ya hadithi ya tatu ilikuwa hii: "Kuna msichana anayetaka kurudisha nauli aliyokopeshwa kituoni, lakini aliyemkopesha hakuacha jina, na mwishoni anampa pesa hiyo mtu mwingine ambaye naye haachi jina." Sentensi kama hiyo inaweza kukuambia kitu.

Hatua ya 3: Orodhesha vitu vidogo

Sasa acha habari kubwa. Chora majedwali kwenye kaunta buku, mstari mmoja kwa kila kazi, na uwe na safu hizi: vitu ambavyo wahusika wanavishika mikononi, mahali ambapo mambo mazito yanatokea, saa ya siku, viungo vya mwili unavyovitaja, nani ananyamaza, majina ya watu, na kichwa cha kazi. Jaza bila kufikiri sana. Nakushauri usiruke safu hata moja, kwa sababu huwezi kujua mapema ni ipi itakayosema.

Nasisitiza vitu vya mkononi kwa sababu hapo ndipo mwandishi hajilindi. Hotuba ya mhusika mkuu umeipanga. Kikombe anachokishika wakati wa hotuba kimejiingiza chenyewe. Katika safu yangu nilikuta daftari mara tano, bahasha mara nne, na rula mara mbili. Rula! Nani anaweka rula katika hadithi ya mapenzi?

Majina na vichwa navyo husema. Shaaban Robert alikuwa akiita wahusika wake Adili, Utubora, Karama, Majivuno. Yeye alifanya kwa makusudi, na ukiyapanga majina hayo kwa safu unaona swali lake la utu na wema kabla hujafungua ukurasa. Vichwa vya riwaya za Said Ahmed Mohamed viangalie vivyo hivyo: *Asali Chungu*, *Kiza Katika Nuru*. Katika kila kimoja vitu viwili vinavyokataana vimewekwa pamoja, na msomaji anaonywa mlangoni kwamba hapa utamu una kitu ndani yake. Wewe labda hukupanga. Hata hivyo viandike vichwa vyako vyote kwa mfuatano, hata vile vya muda ulivyovifuta baadaye, uvitazame kama vichwa vya mtu usiyemjua.

Kama kazi zako zimo kwenye kompyuta, itumie kutafuta maneno, lakini kwa akili ya Kiswahili. Kitenzi chetu hujificha katikati ya viambishi: alikopa, hajamkopesha, tulikopeshana, wasiokopesheka. Ukitafuta "kukopa" utapata matatu na kudhani huna habari na mikopo. Tafuta mzizi, "kop", kisha pitia majibu moja moja, maana utaletewa na kopo na kope. Mizizi mingine ni mitego mikubwa zaidi. Nilipotafuta "lip" nilipata mamia, nikafurahi, kumbe ni "alipofika" na "nilipoamka". Na hata ukiongeza herufi ukatafuta "lipa", bado "alipanda" na "walipata" zitakuja. "Dai" itakuletea "daima". "Deni" itakuletea "nendeni". Kwa hiyo namba ya kompyuta usiiamini mpaka uhesabu kwa mkono. Kazi hii inachosha, lakini unapopita sentensi moja moja zilizochomolewa kwenye miaka tofauti unayasikia maneno yako kwa namna ambayo kusoma kwa kawaida hakukupi.

Mshairi wa vina ana tahadhari yake. Neno linaweza kurudi kwa kubanwa na kina tu, ile silabi inayofanana mshororo hadi mshororo. Anayependa kina cha "-ni" atakutana na moyoni, machoni na duniani katika kila utungo, na hilo halithibitishi chochote zaidi ya wepesi wa kiambishi hicho. Hesabu maneno yasiyokaa kwenye kina cha kati wala cha mwisho. Kituo, yaani ule mshororo wa mwisho wa ubeti, kikirudi kila ubeti kihesabu mara moja.

Hatua ya 4: Linganisha mianzo na miisho

Chukua karatasi tupu. Upande wa kushoto nakili sentensi ya kwanza ya kila kazi, kulia nakili ya mwisho. Nakili kwa mkono.

Kuona jinsi hatua hii inavyofanya kazi, mtazame mwandishi Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe. Riwaya zake tatu za kwanza zilitoka karibu karibu: *Rosa Mistika* mwaka 1971, *Kichwamaji* 1974, *Dunia Uwanja wa Fujo* 1975. Habari zake ni tofauti. Moja ni ya msichana aliyelelewa kwa ukali, ya pili ni ya msomi wa chuo kikuu, ya tatu ni ya kijana mwenye mali wakati wa Ujamaa. Ukiziorodhesha kwa mada, hazikai pamoja. Ziorodheshe kwa miisho: Rosa anajiua, Kazimoto anajiua, Tumaini ananyongwa baada ya kuua. Vijana watatu, na hakuna hata mmoja anayeivuka riwaya yake akiwa hai. Hapo unaona kwamba chini ya malezi, elimu na siasa kulikuwa na swali moja tu linalomsumbua: maisha yana maana gani, na mtu akishindwa kuiona maana hiyo afanye nini? Miaka 15 baadaye, katika *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991), fani, yaani namna ya kusimulia, imegeuka kabisa, msomaji aliyezoea zile za kwanza anapotea njia, na swali bado lipo. Nalitaja hilo kwa ajili ya wanaoogopa kwamba wakiijua dhamira yao watabaki wanaandika kitabu kilekile. Swali linaweza kubaki huku kila kitu kingine kikibadilika.

Katika karatasi yangu, upande wa kulia ulikuwa na watu wanaoondoka. Basi linaondoka, mgeni anaaga, jeneza linatoka. Mdaiwa kila mara alikuwa anakwenda mahali ambapo hawezi kufuatwa.

Hatua ya 5: Tafuta kisichokuwepo

Jiulize: katika kazi zangu zote, ni jambo gani la kawaida maishani ambalo halijatokea hata mara moja? Labda hakuna anayecheka. Labda watoto hawasemi. Labda kuna akina mama tele na hakuna baba aliyepewa sentensi hata moja, au hakuna anayekula akashiba, au kila kitu kinatokea usiku. Lipe swali hili siku nzima. Jibu lake haliji kwa kukaa mezani. Langu lilikuja nikiwa kwenye foleni ya maji.

Madeni 11, na hakuna mtu aliyedai.

Hakuna aliyegonga mlango akasema, nipe changu. Wadai wangu wote walikuwa wapole, wananyamaza, wanatazama pembeni. Hapo ndipo nilipojua kwamba hata "deni" lilikuwa bado jibu la haraka. Kilichokuwa kinajirudia ni ukimya wa anayedai.

Hatua ya 6: Pepeta dhamira na mazoea ya kalamu

Si kila kinachorudi kina maana. Kalamu ina mazoea yake kama mguu ulivyo na mwendo wake. Nilikuta machozi "yakimlengalenga" mtu mara tisa, na wahusika wangu walishusha pumzi kiasi cha kujaza puto. Hayo ni mazoea, dawa yake ni kuyafuta.

Kipimo ni rahisi: kiondoe kitu hicho, kisha soma hadithi tena. Mvua ilikuwa inanyesha katika hadithi zangu nane, na nilikuwa nimeanza kujenga maelezo marefu juu ya maana ya mvua. Nikaiondoa katika hadithi mbili. Hazikutikisika. Nilikuwa naitumia mvua kuwafungia watu ndani ya nyumba ili wazungumze, basi. Kisha nikaondoa daftari katika hadithi ya nne, na hadithi ikaanguka yote, kwa sababu mama mwenye nyumba hakuwa tena na sababu ya kumwogopa mpangaji wake. Kwenye kaunta buku tumia rangi moja kwa vinavyoanguka na nyingine kwa visivyotikisika. Kitu chenye rangi ya kwanza katika kazi tatu au zaidi, kishike.

Hatua ya 7: Geuza neno liwe swali

Neno peke yake halimsaidii mwandishi. Ukiandika "ukimya" ukutani, kesho utakaa mezani na hutajua pa kuanzia. Swali linakupa wahusika, kwa sababu watu huweza kulijibu tofauti. Liandike swali lako kwa maneno ambayo bibi yako angeyaelewa, na lisiwe swali unalojua jibu lake. Ukijua jibu, utaandika mawaidha.

Ili kulipata swali, mara nyingi inabidi urudi nyuma, uulize kitu hiki ulikiona wapi kwanza. Nitasimulia langu, maana sijui njia nyingine ya kuonyesha hatua hii.

Mama yangu aliendesha duka dogo Kihonda, Morogoro. Waliokopa aliwaandika kwenye kaunta buku ya kwaya mbili, jalada jekundu, kalamu imefungwa kwa uzi. Hakuandika majina. Aliandika "wa mwembeni", "fundi baiskeli", "mwalimu mrefu". Ukilipa, anakata mstari wako kwa rula. Mwalimu mrefu alifariki akiwa anadaiwa shilingi 4,200. Tulikwenda msibani, na kabla mwili haujatoka nyumbani msemaji wa familia akasimama akasema yale yanayosemwa siku zote: kama kuna anayemdai marehemu, ajitokeze, aione familia. Nilikuwa nimekaa kando ya mama, nimeshika ncha ya kanga yake. Hesabu niliijua, maana mimi ndiye niliyekuwa nikimjumlishia. Nikamtazama. Alikuwa anakitazama kipande cha mkeka kilichokuwa mbele ya magoti yake. Jioni, dukani, alifungua kaunta buku, akaiweka rula juu ya mstari wa mwalimu mrefu, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akaiondoa bila kukata.

Nilikuwa na miaka kumi. Sikumbuki kulisimulia jambo hilo kwa mtu yeyote, na sikuwahi kuliandika, lakini rula ile imeingia katika hadithi mbili bila mimi kuiita. Swali langu sasa linasomeka hivi: mdai akinyamaza, deni limesamehewa, au limehamia kwake? Silijui jibu. Mama hajawahi kunieleza, na mimi sijawahi kumuuliza, na katika hilo nadhani nimerithi.

Onyo mbili juu ya hatua hii. Ya kwanza, kumbukumbu nyingine ni vidonda vibichi. Ukiona mwili unakataa, pumzi inabana, usingizi unapotea, funga kaunta buku, zungumza na mtu unayemwamini; swali halitakimbia. Ya pili, ulichokipata ni mali ya watu wengine pia. Kulijua chimbuko la dhamira hakukulazimishi kulichapisha. Mimi nilimweleza mama kwamba nataka kuandika juu ya kaunta buku na mwalimu mrefu, nikamsomea, akasema sawa. Kama angekataa, hapa mngesoma mfano mwingine.

Hatua ya 8: Mpe mtu mwingine asome

Chagua kazi tatu za miaka tofauti, mpe msomaji mmoja asiyekuwa mwandishi na asiyekuonea haya. Usimwambie ulichokipata. Muulize: nini kinarudi? Nani alikukera? Swali la pili ni la muhimu zaidi. Niliyempa mimi alisema, "Hawa watu wako wananikera, kwa nini hawasemi?" Nilikuwa nimetumia wiki mbili kufika hapo.

Akitaja kitu ambacho hukukiona kabisa, kiandike hata kama hukubaliani nacho. Kirudie baada ya mwezi.

Hatua ya 9: Itumie bila kuipanda kila shamba

Ukishaijua dhamira yako, kuna kishawishi cha kuisukumiza kila mahali. Utaanza kuweka daftari mezani makusudi ili msomaji alione. Hiyo huua. Ninachofanya ni hiki: rasimu ya kwanza naiandika kaunta buku ikiwa imefungwa, na kumbukumbu zote za kazi hii sizigusi. Naifungua wakati wa rasimu ya pili, pale hadithi inapolegea na sijui kwa nini. Mara nyingi inalegea pale ambapo nimemruhusu mtu anyamaze kwa sababu mimi nilitaka anyamaze, wakati yeye angesema.

Kama unaandaa mkusanyiko wa hadithi au diwani ya mashairi, swali lako ndilo litakalokupangia. Kazi mbili zinazolijibu namna moja, bakiza iliyo bora, ya pili iondoe hata kama unaipenda. Mimi niliondoa mbili. Zinazolijibu kinyume ziweke jirani zigombane. Zile zisizolihusu kabisa usizitupe. Hadithi zangu tatu ambazo hazina deni nimezitawanya katikati, msomaji apate kupumua.

Na usiogope kwamba unajirudia. Abdulrazak Gurnah alikuwa amekwisha kuchapisha riwaya kumi, ya kwanza mwaka 1987, alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, na mtu aliyeondoka kwao, akabaki akiishi na kile alichokiacha nyuma, yumo humo tena na tena. Mwandishi huyo mwenyewe aliondoka Zanzibar akiwa kijana. Anayezisoma riwaya hizo hasemi ameuziwa kitabu kimoja mara kumi.

Zoezi la mwisho, nalo ndilo gumu kuliko yote: andika kazi inayokwenda kinyume na mwendo wako. Kama wahusika wako hukimbia, mfungie mmoja mlango. Kama hakuna anayecheka, andika kicheko cha kweli, chenye sababu. Kama akina baba hawana sentensi, mpe mmoja ukurasa mzima. Usikusudie kuikana dhamira yako. Unataka kujua swali linakuwa na sura gani likitazamwa kutoka upande ambao hujawahi kusimama.

Mimi nimeandika hadithi ya mdai anayesimama msibani. Nimeiandika mara nne. Mara ya kwanza alitoka mtu katili, kwa sababu ndani yangu bado naamini kwamba kudai ni ukatili. Mara ya pili alidai kwa kuomba radhi nyingi mno, ikawa kama hakudai. Mara ya tatu familia ililipa haraka, hadithi ikaisha ukurasa wa pili. Rasimu ya nne iko mezani sasa hivi. Amesimama, watu wote wamegeuka kumtazama, mtoto wake ameshika ncha ya kanga, na nimefika kwenye mstari ambapo lazima ataje kiasi.